Kozi fupi ya grafiki: herufi wamenikosha, picha wamenitibua

Jina la chuo silitaji. Kiko Dar, ada yao si ya kuchezea, na kilichonichoma ni kipindi kimoja tu, cha kusafisha picha za watu.

Somo lenyewe lilikuwa hivi: fungua picha ya bibi harusi kwenye Photoshop, zungushia uso, piga Gaussian Blur (kichujio cha kufifisha picha) mpaka chunusi zipotee, rudisha macho na mdomo, hifadhi. Hifadhi wapi? Juu ya faili lile lile la JPEG, kwa jina lile lile. Darasa zima likafuata, na muda si mrefu kila kioo kilikuwa na bibi harusi mwenye uso kama sahani ya plastiki.

Nikauliza kwa adabu zote: mwalimu, mbona hatufanyi kwenye leya tupu, yaani tabaka la uwazi linalokaa juu ya picha? Jibu, mbele ya vijana: "Kaka mkubwa, kama unajua sana njoo ushike mausi ufundishe wewe." Wakacheka. Haya, nafundisha hapa.

Blur haiondoi kitu. Inachukua pikseli, vile vinukta vya rangi vinavyounda picha, na majirani zake inawapigia wastani. Picha ya ukumbini iliyopigwa kwa flashi ina mng'ao kwenye paji la uso, pua na mashavu, na pikseli za mng'ao zinakaribia weupe, maana nyekundu, kijani na bluu zote ziko juu na karibu sawa. Ngozi ya kahawia haiko hivyo. Nyekundu inaongoza, kijani inafuata, bluu iko chini kabisa. Ukichanganya hizo mbili, namba tatu zinasogeleana, na rangi ambayo namba zake zimesogeleana ni kijivu. Ndiyo maana bibi harusi anatoka na uso wa majivu juu ya shingo ya kahawia. Fungua paneli ya Info, inayoonyesha namba za rangi, weka kielekezi shavuni, kisha shingoni, ulinganishe. Halafu mteja akilalamika, lawama anabeba mwenye mashine ya kuchapa!

Tena picha yenyewe ilipita WhatsApp, pikseli 960 kwa 1280. Ukiitandaza ijaze kadi ya A5 (nusu ya A4) unabaki na kama pikseli 155 kwa inchi, na kadi inataka 300. Kila ukihifadhi JPEG upya inabanwa upya, uchafu unajikusanya kwenye kingo za nywele na hereni. Hakuna aliyeambiwa.

Anayeanza hahitaji maajabu. Leya tupu juu ya picha, Healing Brush (brashi inayoziba doa kwa ngozi ya jirani), na kwenye Sample uchague Current & Below, ili marekebisho yote yakae kwenye leya hiyo na picha ya asili ibaki salama chini. Brashi iwe kubwa kidogo kuliko chunusi, basi. Ukikaribia nywele au ukingo wa mdomo, hama uende Clone Stamp, inayonakili tu bila kuchanganya rangi, kwa sababu Healing Brush inavuta weusi wa nywele na kuacha doa la masizi kwenye ngozi. Mng'ao wa paji la uso una dawa yake: leya nyingine tupu ya hali ya Darken (inatia giza palipo peupe kuliko rangi unayopaka), chota rangi ya ngozi pembeni ya mng'ao, paka kwa brashi laini, kisha shusha uzito wa leya (Opacity) hadi asilimia 20 au 30. Usiumalize wote, uso usiong'aa kabisa unaonekana wa maiti. Mabaka ya vivuli yanarekebishwa kwenye leya ya kijivu asilimia 50 iliyowekwa Soft Light, paka nyeupe kuinua mwanga na nyeusi kuushusha, flow ya brashi (kasi ya kumwaga rangi) asilimia 2 au 3. Vinyweleo vya ngozi vinabaki mahali pake. Ile njia ya kutenganisha umbile na rangi kwa leya mbili wasubiri nayo, mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaigeuza blur nyingine tu.

Nilitaka kuandika "msiende" niishie hapo. Lakini nitakuwa mwongo nikimnyamazia madam wa herufi. Yule mama anajua! Alianza bila kompyuta: wanafunzi wanakata vichwa vya habari kwenye magazeti ya zamani, wanavipanga upya kwa jicho, kisha wanageuza neno juu chini ili macho yaache kusoma yaone nafasi tupu. Hapo hata asiyejua kitu anaona A na V zimeachana na herufi za katikati zimesongamana. Mwiko kuvuta fonti kwa pembeni ili ijaze bango. Mwiko kuandika "HARUSI" kwa herufi kubwa tupu za fonti ya mwandiko. Maandishi ya pointi 10, nafasi toka mstari hadi mstari iwe pointi 12 au 13.

Na kitu ambacho kozi nyingi hazikigusi: Kiswahili kina maneno marefu, ukikibana safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili unapata mashimo meupe katikati ya aya. Programu ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza, mwisho wa mstari inakata "wanafun-zi". Yeye anazima ukataji, anapanga kushoto tu, na penye lazima anakata mwenyewe, "wanafu-nzi". Alama ya ng' iwe na umbo la 9, si kijiti kilichonyooka. Kwa mama huyu ningesema lipeni, nendeni.

Basi subirini. Kazi ya mwisho ilikuwa kadi ya A5, na ofisi ikaamua ipangwe yote ndani ya Photoshop, ati programu ya kupangia kurasa haipo kwenye mashine. Herufi za pointi 8 zikabanwa kuwa picha, zikatoka na kingo chakavu. Nyeusi ya RGB (rangi za kioo) ilipogeuzwa CMYK (wino nne za kuchapia: samawati, majenta, njano na nyeusi) kwa mpangilio wa kiwandani ikawa asilimia 75, 68, 67, 90, yaani wino wa rangi zote nne kwenye herufi nyembamba. Karatasi ikiteleza kidogo tu, kila herufi inavaa kivuli cha rangi. Nyeusi ya maandishi ni K 100 peke yake, yaani wino mweusi mtupu! Milimita 3 za ziada za kukatia hazikuwekwa pembeni, mkasi ukaingia ndani ukala jina la ukumbi. Na picha iliyopambwa mbele ya kadi? Yule yule bibi harusi wa majivu.

Kwa hiyo sijui niwape alama gani. Kama wanaruhusu kulipia herufi peke yake, lipia, na kwa madam kaa kiti cha mbele. Wakisema lazima uchukue na picha, ujue yaliyonikuta: niliwauliza kuhusu kurudishiwa ada ya nusu hiyo, wakaniambia niandike barua. Barua nimeandika. Hawajajibu.