TAHADHARI: Muuzaji wa vifaa vya kufunga flai anayezunguka Nakuru, Kericho na Kisumu

Wenzangu mnaofunga flai nyumbani (chambo bandia za kuvulia samaki, za manyoya na nywele zilizofungwa kwenye ndoana), hasa nyinyi mlioanza juzi: kuna mtu anauza "seti kamili ya flai" kwenye Facebook na kwenye vikundi vya WhatsApp vya wavuvi wa huku kwetu. Msimtumie pesa. Mimi nafunga flai za kuuza hapa Nakuru, na wateja wangu kadhaa wameniletea mifuko aliyowatumia tukaikagua pamoja mezani. Kuna kitu kwenye mifuko hiyo kinachoweza kukufikisha mahakamani, na ndicho kimenifanya niandike.

Kwanza pesa. Anataka alipwe zote kabla ya mzigo, kwa namba ya mtu binafsi, si Till (namba ya malipo ya biashara). Ukimwomba picha ya mzigo wako kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo, ananyamaza, halafu anakufungia. Kijana mmoja wa Kericho alitumiwa risiti ya parseli, akaenda nayo ofisini, akaambiwa namba hiyo haipo. Malalamiko yakizidi, ukurasa unabadilishwa jina. Picha hazibadiliki: jiliwa jekundu (kile kifaa cha kubania ndoana) juu ya meza ya mbao, na shingo ya jogoo, yaani ngozi ya shingo na manyoya yake, ya rangi ya asali.

Waliobahatika kupata mzigo wamepata takataka. Ndoana ni rahisi kupima. Ibane kwenye jiliwa kwenye ule mkunjo wake, isukume chini kwa ukucha karibu na tundu, kisha iachie ghafla. Ndoana nzuri hurudi mahali pake na kutoa mlio mwembamba. Zake zilibaki zimepinda, na nyingine zilikatika kama njiti za kiberiti. Hebu fikiria trauti wa mito ya Kericho au besi wa Naivasha akivuta ndoana ya aina hiyo. Zile shanga za kuzamisha flai anazoziita za tangsteni, madini mazito, kumbe ni chuma kilichopakwa rangi. Tangsteni halisi ni nzito kuliko hata madini ya risasi. Ukiziweka chache kiganjani unajua mara moja.

Shingo za jogoo ni za kuku wachanga, laini mno. Ukizungusha unyoya wake kwenye shina la ndoana, nyuzinyuzi zinalala badala ya kusimama, kwa hiyo flai ya kuelea itazama. Rangi yake ilitoka yote nilipoubana kwenye tishu yenye maji. Na chini ya mfuko mmoja kulikuwa na unga unga na mabuu madogo yenye nywele. Hao ni wadudu wanaokula manyoya. Usiufungue mfuko wa namna hiyo karibu na vifaa vyako vingine. Ufunge kabisa ndani ya plastiki na uuweke kwenye friza wiki mbili, au uuchome.

Sasa lile zito. Anauza "maribu orijino" (maribu ni manyoya laini ya kufungia flai), na anajisifu waziwazi kwamba ni ya korongo mwenyewe, si ya bata mzinga. Anaongezea na singa ndefu nyeusi na nyeupe za mbega, yule nyani wa msituni. Jamani, maribu ya madukani siku hizi ni manyoya ya bata mzinga yaliyotiwa rangi, na hufanya kazi vizuri kabisa. Korongo yule mkubwa mwenye upara tunayemwona Kisumu ni ndege wa porini, na mbega ni mnyama wa porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafuta biashara ya nyara za wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu hata unyoya na nywele kuwa nyara. Kukutwa nazo bila kibali kuliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Sheria hiyo haimwangalii muuzaji peke yake. Aliyenazo nyumbani naye yumo. Mtu anakutoza mia chache anakuachia kesi ya milioni, na wengi aliowauzia ni vijana wanaojifunza tu. Hilo linanikera kuliko pesa zote alizokula.

Wala huhitaji vitu hivyo vya porini. Singa za mbuzi au mkia wa ndama kutoka kwa mchinjaji hufaa mahali pa mbega. Zioshe kwa sabuni, uzianike kivulini. Manyoya ya sungura ni mazuri kwa mwili wa flai ya kuzama. Jogoo mzee wa kienyeji ana shingo ngumu kuliko zote alizonazo huyu bwana. Manyoya ya ndege kanga nunua tu kwa mfugaji mwenye kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya), na akuonyeshe hicho kibali.

Kama umeshamlipa, piga picha mazungumzo yote sasa hivi kabla hajayafuta, hifadhi ujumbe wa M-Pesa, ripoti polisi upewe namba ya OB (kitabu chao cha matukio), kisha peleka namba yake Safaricom kupitia 333. Kama parseli bado iko ofisini na unajua ina manyoya ya korongo au singa za mbega, ikatae. Kama umeshaipokea, usimgawie mwenzako wala usiiuze tena: wasiliana na KWS kwenye lango la hifadhi ya Ziwa Nakuru au kwenye hifadhi ya Impala, Kisumu, uwaeleze ilikotoka na uwaonyeshe mazungumzo yenu.