Mafunzo ya majadiliano kazini, Tanga: sheria imefundishwa vizuri, suala la mamlaka limeachwa

Mafunzo haya ya siku mbili yalifanyika katika ukumbi wa hoteli moja huko Raskazone, na yaliandaliwa kwa ajili ya viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi pamoja na maofisa utumishi wa viwanda na mashamba ya mkonge ya mkoa wa Tanga. Tangazo lake liliahidi kueleza kwa nini majadiliano ya mishahara hukwama na namna ya kuyakwamua. Nilihudhuria nikiwa katibu wa tawi, na ada ilitoka katika mfuko wa tawi, kwa hiyo wanachama wana haki ya kujua walichonunua.

Asubuhi ya kwanza ilistahili ada yote. Mwezeshaji, ambaye ni wakili, alichambua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 bila kutusomea vifungu kama kasuku. Alieleza kwamba mgogoro wa kimaslahi, yaani wa kudai jambo jipya kama nyongeza ya mshahara, hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako msuluhishi ana siku 30, na kwamba usuluhishi ukishindikana wafanyakazi wanaweza kupiga kura ya mgomo na kumpa mwajiri notisi ya saa 48. Kisha akaonyesha jinsi siku hizo 30 zinavyoweza kugeuka kuwa siku za kusubiriana, kwa kuwa kila upande huficha kiwango chake cha mwisho hadi muda ukaribie kuisha. Kwa wenzetu wa maji, umeme na afya, ambao kwa kawaida sheria haiwaruhusu kugoma na ambao mgogoro wao, usuluhishi ukishindikana, hupelekwa kwa mwamuzi anayeamua badala yao, hali ni ngumu zaidi: anayelegeza mapema huhofu kwamba mwamuzi ataanzia pale alipofika yeye, basi wote wawili hubaki walipo. Hoja hiyo sikuwahi kuisikia ikielezwa kwa uwazi namna ile.

Igizo la mchana nalo lilikuwa zuri. Tuligawanywa pande mbili tujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, wa shamba la mkonge, suala kuu likiwa malipo ya wakataji. Upande wa menejimenti ulisema kampuni haina fedha, upande wetu ukasema fedha ipo, na kwa saa nzima tukarudia maneno hayo hayo kwa sauti iliyozidi kupanda. Mkwamo ulianza kulegea pale dada mmoja kutoka kiwandani alipodai hesabu za mauzo, akikumbusha kwamba sheria inamtaka mwajiri akipe chama kilichotambuliwa taarifa zinazohusika na majadiliano. Hapo ikaonekana kwamba hatukuwa tukigombana juu ya mshahara. Tulikuwa tukigombana juu ya ukweli wa mizania ambayo upande mmoja tu ndio ulikuwa umeiona.

Siku ya pili ilinivunja moyo. Muda mrefu ulitumika kufundisha namna ya kukaa, kumtazama mwenzako usoni na kushusha sauti, mambo ambayo mtu aliyelelewa uswahilini huku kwetu ameshafunzwa na bibi yake. Mifano ya kisiasa, ambayo ingekuwa kiini cha siku hiyo, ilipitiwa mbiombio. Tuliambiwa kwamba mazungumzo ya Kenya ya mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, yalifanikiwa kwa sababu msuluhishi wake, Kofi Annan, alikuwa mvumilivu. Uvumilivu alikuwa nao, lakini timu za wajumbe zilikwama juu ya madaraka ya waziri mkuu, kwa kuwa jambo hilo halikuwa lao kuligawa. Annan alisimamisha vikao vya timu hizo mwishoni mwa Februari, akaenda moja kwa moja kwa Mwai Kibaki na Raila Odinga, Rais Kikwete akiwepo, na makubaliano yakasainiwa tarehe 28 Februari.

Mfano wa karibu zaidi haukutajwa kabisa. Wajumbe wa chama tawala CCM na chama cha upinzani CUF walijadiliana kwa zaidi ya mwaka mmoja kuhusu Zanzibar, lakini Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Butiama, ilitaka suala la serikali ya pamoja lipelekwe kwanza kwa Wazanzibari kwa kura ya maoni, na CUF ikakataa. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana wenyewe Ikulu ya Zanzibar. Kura ya maoni, ile ile iliyokuwa chanzo cha mkwamo, ilifanyika Julai 2010 na takriban theluthi mbili ya wapiga kura wakaikubali serikali ya pamoja. Sharti lilibaki lile lile, ila safari hii lilitokana na watu wawili waliokuwa na uwezo wa kuahidi na kutekeleza.

Hilo ndilo linalotutesa pia kazini. Ofisa utumishi huja mezani akiwa na ruhusa ya kusikiliza tu, nasi mara nyingine huja na asilimia iliyopitishwa na mkutano wa wanachama ambayo hatuthubutu kuipunguza hata kwa nusu. Nilipouliza kuhusu suala hili la mamlaka, mwezeshaji alijibu kwamba lipo nje ya mada, jibu ambalo kwangu ndilo kasoro kubwa kuliko zote. Ukumbini kwenyewe hapakuwa na meneja mkuu hata mmoja. Waliotumwa ni wasaidizi.

Chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka, hakikuwa na dosari, na makabrasha yameandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Tawi lenye katibu mpya na limpeleke, hasa kwa ajili ya siku ya kwanza. Makatibu wa zamani wasubiri kwanza, kwani waandaaji walisema wanafikiria kuandaa awamu nyingine itakayowaalika wakurugenzi wenye mamlaka ya kusaini, na hiyo nitaiombea fedha mimi mwenyewe kwenye kikao cha tawi.