Miezi saba kwenye mashine ya kusafisha damu, Mtwara

Natokea Mikindani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa niko Mtwara mjini kusafishwa damu, masaa manne kila mara. Nilianza nikiamini nitasafishwa mara tatu nne figo zizinduke, nirudi shambani kuokota korosho. Sikuambiwa na mtu. Neno "kusafisha" lenyewe ndilo lililonidanganya.

Wiki ya pili nesi alivuta stuli akakaa nami. "Mama, figo zako hazifanyi kazi tena. Mashine inazifanyia kazi, ukiacha kuja sumu inarudi." Nililia, lakini nashukuru aliniambia. Presha ya miaka mingi ndiyo iliyozimaliza, na mimi nikawa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kila goti likiuma. Zahanati niliyokuwa nahudhuria walinipima presha tu. Mkojo na kreatinini, uchafu wa kwenye damu unaoonyesha kama figo zinafanya kazi, hawakuvipima hata siku moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mashine yenyewe haiumi. Damu inapita kwenye chujio, upande wa pili yanapita maji maalumu, karibu lita 120 mpaka unamaliza, nayo yanabeba uchafu. Tabu inatoka nyumbani. Kabla ya kukaa unapanda mizani, na kila kilo iliyozidi ni kama lita moja ya kutolewa. Nilitoka harusini nimekunywa madafu, nikafika na kilo 4 juu. Siku hiyo misuli ya miguu ilikaza nikapiga kelele, presha ikashuka, wakanilaza miguu juu. Manesi hawakunigombeza. Walinieleza kwamba dafu lina madini ya potasiamu mengi, na yakijaa kwenye damu yanaweza kusimamisha moyo. Korosho nazo nimeziacha, japo nimezila tangu utoto. Muhogo naukata vipande vidogo, nauchemsha kwa maji mengi, namwaga maji hayo ili potasiamu ipungue.

Upungufu ni mrija wa shingoni, ule unaopitisha damu kwenda kwenye mashine. Nilikaa nao muda mrefu nikapata homa ya maambukizi, kwani mshipa wa mkononi, unaounganishwa kwa upasuaji ili utumike badala ya mrija, nilikwenda kutengenezewa Dar es Salaam, kisha nikasubiri wiki kadhaa ukomae. Anayeanza leo aulizie mshipa mapema, na mkono huo asikubali upimwe presha wala kutolewa damu.

Kupandikizwa figo kunafanyika nchini, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Mdogo wangu amesema yuko tayari kupimwa kama anaweza kunipa figo. Tunasubiri korosho ziuzwe, tupate nauli ya watu wawili.