Kozi ya msaidizi wa wauguzi katika wodi za dharura na upasuaji: uzoefu wangu Nairobi

Naulizwa mara nyingi, kanisani na mtaani, kama kozi hii ina thamani ya karo yake. Jibu langu ni kwamba inayo, mradi chuo kikupeleke wodini na kikupe mtu wa kukusimamia ukiwa huko. Chuo kisichoweza kukuandikia kwa karatasi utaenda hospitali gani, wodi gani na chini ya nani, usikilipe, hata kama jengo lina lifti na maabara yake imejaa vitanda vipya na midoli ya plastiki.

Chuo nilichosomea kiko katikati ya jiji, juu ya maduka ya simu, upande wa River Road. Sikitaji jina, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia, na vyuo vya namna hii jijini ni vingi. Katika kozi nilichagua tawi la masomo ya wagonjwa wa dharura kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoitaka: mtu aliyetoka chumba cha upasuaji, aliyepigwa na kiharusi jana usiku, aliyegongwa na pikipiki, yule ambaye hali yake yaweza kugeuka kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Kabla ya yote, jueni cheti hiki hakimfanyi mtu muuguzi. Muuguzi wa Kenya husajiliwa na Baraza la Wauguzi, na ukipitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, diploma yake ni ya miaka mitatu. Msaidizi hachomi sindano, hagawi dawa, haweki mpira wa mkojo. Anaosha, analisha, anageuza, anapima, anaandika na anaripoti. Siku ya usajili nilimsikia karani akimwambia mama aliyemleta bintiye kutoka Machakos, "Huyu atakuwa nesi kabla ya Krismasi." Mama akalipa kwa M-Pesa palepale. Lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo, kwa sababu yule binti alitaka uuguzi hasa na alama zake zilimruhusu kwenda kuusomea. Angeelezwa ukweli, angeamua mwenyewe. Jambo jingine la kuangalia kabla ya kulipa ni leseni ya TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi. Kwa sheria ya mwaka 2013 taasisi ya mafunzo ya ufundi haitakiwi kuendesha masomo bila kusajiliwa na mamlaka hiyo, na usajili wa chuo husika unaweza kuuthibitisha wewe mwenyewe kabla ya kutoa senti.

Sasa mazuri, na ni mengi. Mkufunzi wetu alikuwa muuguzi mstaafu, mama mkali mwenye sauti ya chini, ambaye sote tulimwita Madam. Alitufundisha kuhesabu pumzi. Wengi hudhani hilo ni jambo dogo. Ukimwambia mgonjwa unahesabu pumzi zake, papo hapo ataanza kupumua tofauti. Kwa hiyo Madam alitaka umshike kifundo cha mkono kama unahesabu mapigo, ukimaliza usiuachilie mkono, uhamishe macho kifuani na kuhesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akatuonya kwamba katika mafaili mengi tutakuta imeandikwa 20, 20, 20, siku nzima, mgonjwa baada ya mgonjwa, kwa kuwa aliyeandika hakuhesabu. Nilipofika wodini nikayafungua mafaili, nikayakuta hivyo hivyo alivyosema.

Presha nayo alituchukulia muda. Mgonjwa apumzike dakika tano, asiongee, mkono ulale usawa wa moyo. Kitambaa cha kupimia kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba itakuja juu kuliko ilivyo na mtu atatibiwa ugonjwa asionao. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hudanganywa na rangi ya kucha, hina nyeusi na vidole vyenye baridi. Pasha mkono joto, tafuta kidole kisichopakwa, kisha usome. Na mikono yetu wenyewe: sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, 20 hadi 30 kwa dawa ya kusugua yenye spiriti, katika zile nyakati tano za kusafisha mikono zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani. Wakati wa tano ndio wanaousahau hata wakongwe, yaani baada ya kugusa kitanda, meza au shuka la mgonjwa hata kama yeye mwenyewe hukumgusa.

Alituletea pia chati ya tahadhari ya mapema iliyoandaliwa na madaktari wa London, ile ya NEWS, ya mwaka 2012 na kurekebishwa 2017. Pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto na ufahamu, kila kipimo hupewa alama kadiri kinavyotoka kwenye kawaida. Pumzi 25 au zaidi kwa dakika pekee zinampa mgonjwa alama tatu, na alama tatu kwenye kipimo kimoja zinatosha kumwita mtu aje amtazame haraka. Wodi niliyopelekwa haikuwa ikiitumia. Kichwani mwangu ilikuwemo, na ilinisaidia.

Nilipelekwa hospitali ya umma upande wa Eastlands, wodi ya upasuaji ya wanaume. Sista wa zamu alikuwa na wagonjwa wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuwaangalia ipasavyo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kazi hii ipo. Jioni moja nilikuwa nikizunguka na kipima presha. Kulikuwa na mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo siku iliyotangulia. Presha yake haikuwa mbaya. Joto la kawaida. Lakini alikuwa akilivutavuta shuka, anataka kukaa, anataka kulala, hajui anataka nini, na paji la uso lilikuwa na jasho la baridi. Nikamshika mkono nikahesabu. Pumzi 28. Nikauangalia mfuko wa mkojo chini ya kitanda: mkojo ulikuwa kidogo mno, mweusi kama chai ya rangi, na kwenye fomu ya maji yanayoingia na kutoka hakuna aliyekuwa ameandika kitu tangu mchana. Mtu mzima wa kilo 60 hutegemewa atoe angalau mililita 30 kwa saa.

Nikaenda kwa sista na kumwambia kwa mpangilio tuliofundishwa: nani, kafanyiwa nini, nimeona nini, namba ngapi, naomba uje. Sikumwambia nadhani ana ugonjwa gani, maana hiyo si kazi yangu. Aliacha toroli la dawa, akaja, akamtazama, akapiga simu kwa daktari. Oksijeni ikawekwa, dripu ikaongezwa kasi, na usiku ule akarudishwa chumba cha upasuaji. Nilimkuta bado hai wiki iliyofuata, akimlalamikia mkewe kwamba uji hauna sukari. Sista hakunipa sifa ndefu. Alisema tu, "Mwanangu, hivyo ndivyo unavyoniletea habari, kila mara." Tangu siku hiyo akawa ananiita nisimame karibu naye anapokagua vidonda, na nilijifunza kwake zaidi ya yote niliyosoma darasani.

Kugeuza wagonjwa ndiyo kazi iliyochukua mgongo wangu, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Kila baada ya saa mbili, watu wawili, shuka la kumsogezea likiwa chini yake, bila kumburura, kwani ngozi ikiburutwa huchubuka. Mto kati ya magoti, visigino vielee visiguse godoro. Kidonda cha kulalia huanza kama wekundu mdogo, na kwa ngozi yetu nyeusi huo wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo unagusa: kuna joto? kumekuwa pagumu? anashtuka? Hili la ngozi nyeusi halikuwemo kwenye maandishi ya kozi hata kidogo, kwa kuwa picha zote zilikuwa za watu weupe. Tulifundishwa na sista. Chuo kingepaswa kulirekebisha.

Vilevile kulisha. Saa ya kutembelea wagonjwa, jamaa huja na uji kwenye thermos, wana haraka, matatu inawasubiri, na wanataka mgonjwa wao amalize kikombe. Aliyepooza upande mmoja asilishwe akiwa amelala. Aketi wima, kijiko kidogo, kwenye upande wenye nguvu, ungoje ameze ndipo uongeze, kisha umwangalie shavuni maana chakula hubaki humo bila yeye kujua. Abaki ameketi kama nusu saa. Nilikaa na mama mmoja nikamwonyesha hayo kwa mumewe, taratibu, na kesho yake nikamkuta akimwonyesha jirani wa kitanda cha pili. Sidhani kuna saa niliyoitumia vizuri zaidi katika mafunzo yale.

Malalamiko. Karo iliyotangazwa haikuwa karo yote. Sare, kipima presha, bima, mtihani na ada ya hospitali vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja na siku yake ya mwisho. Ombeni hesabu nzima iandikwe mwanzoni. Pili, darasa lilikuwa kubwa kuliko nafasi za wodini, hivyo baadhi ya wenzangu waliolipia tawi la dharura waliishia nyumba ya kutunzia wazee na kupewa cheti kilekile. Kutunza wazee ni kazi ya heshima, ila sicho walichonunua. Tatu, daftari la mazoezi: nimeona kurasa zikitiwa saini kwa kazi ambazo mwanafunzi hakuwahi kuzifanya. Huyo atakuja kumgeuza mama yako mwenye nyonga iliyovunjika.

Na kuna shinikizo la kuvuka mpaka. Wodi ikizidiwa, mtu atakunyooshea bomba la sindano akuombe umsaidie kidogo. Mwenzangu mmoja alikataa kwa adabu, akasema hajasomea na akasimama hapo hapo tayari kwa kazi nyingine yoyote. Alitazamwa vibaya zamu nzima. Alikuwa sahihi, na chuo kilipaswa kumtetea kwa sauti kubwa kuliko kilivyofanya.

Kuhusu ng'ambo, ambako ndiko matangazo mengi yanakoelekeza: cheti cha Nairobi pekee hakikupi kazi ya aina hii Marekani. Kule sheria ya taifa inataka msaidizi wa wauguzi wa nyumba za kutunzia wagonjwa awe na angalau saa 75 za mafunzo yaliyoidhinishwa, saa 16 kati yake zikiwa za vitendo chini ya usimamizi, kisha afanye mtihani wa jimbo lake. Uzoefu wa wodini utakusaidia kufaulu huko. Ila wakala anayekuambia ulipe leo upande ndege mwezi ujao, achana naye.

Mimi nimebaki hapa, nafanya zamu za usiku katika hospitali ya binafsi. Mshahara ni mdogo kuliko uzito wa kazi, na hilo linahitaji kusemwa wazi mbele ya wenye hospitali. Hata hivyo ningejiunga tena na kozi hii kesho, chini ya Madam yuleyule.

Kwa anayepanga kuingia darasa la Januari: chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza. Chuo chetu kiliikumbuka tulipokuwa tayari tunashika damu za watu. Nenda kaanze sasa, na uitunze kadi, maana hospitali nzuri zitakuuliza.