Visu vya kukunja nilivyotumia shambani: Opinel, Victorinox na Okapi

Kazi yangu ni kubebesha miche ya machungwa, yaani kupandikiza jicho la mchungwa kwenye mche wa limau, huku Muheza, Tanga, na kisu cha kukunja kinakaa mfukoni mwangu kutwa nzima. Asubuhi kinachana gome la mche, mchana kinamenya chungwa, jioni kinakata kamba ya katani ya kufungia matenga. Visu vimepita vingi mikononi mwangu, lakini vinne ndivyo nilivyokaa navyo muda wa kutosha kuvitolea kauli: Opinel namba 8 ya Ufaransa, Victorinox Farmer ya Uswisi, Okapi ya Afrika Kusini, na kimoja cha mnadani kisicho na jina, bapa jeusi, mpini wa chuma wenye matundu, wauzaji wanakinadi kuwa cha makomandoo.

Hicho cha mnadani nikimalize kwanza. Kwa macho kinavutia, kizito, na kinafunguka kwa kidole gumba tu. Lakini bapa lake lina unene wa zaidi ya milimita tatu, na huo unene unashuka hadi karibu kabisa na makali, kwa hiyo hata ukikinoa hadi kinyoe nywele za mkono, kwenye chungwa kinapasua badala ya kukata. Hilo ningelivumilia. Siku moja nilikuwa nakata kamba ya katani iliyolowa, nimekaza mkono, kile kibati cha ndani kinachozuia bapa lisijikunje kikateleza, kisu kikajifunga juu ya kidole changu cha shahada. Nilikwenda kushonwa. Tangu hapo kisu chochote cha kukunja nakikagua loki kabla sijatoa hela: nakifungua, nashika mpini vidole vikiwa mbali na njia ya makali, nagonga mgongo wa bapa taratibu juu ya meza. Kikijikunja, namrudishia mwenye nacho palepale. Muuzaji akinuna, anune.

Sasa Opinel. Ilianza mwaka 1890 huko Savoie, upande wa milima wa Ufaransa, kwa mtu anayeitwa Joseph Opinel, na umbo lake halijabadilika sana: mpini wa mti, bapa moja, na pete ya chuma shingoni. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Ukishafungua kisu unaizungusha kidogo, mwanya wake unahama, na bapa halina pa kurudi. Hakuna springi ya kuchoka wala kibati cha kuteleza. Unaona kwa macho yako kwamba imefunga. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, na kisu kizima ni chepesi kiasi kwamba mfukoni unaweza kukisahau.

Ila sifa yake kubwa ni wembamba. Ngoja niwaeleze kazi yenyewe ndipo mtanielewa. Unakuwa na mche wa limau wenye unene wa penseli. Kati ya sentimita 20 na 30 kutoka ardhini unachana gome kwa alama ya T, unainua kingo zake mbili, kisha unapachika jicho, yaani chipukizi changa, ulilolitoa kwenye kikonyo cha mchungwa mzazi na kulifunga kwa utepe wa nailoni. Kisu kinajulikana pale pa kulitoa jicho. Linapaswa kutoka na kipande cha gome chembamba chenye umbo la ngao. Kisu kinene kinalisukuma: jicho linatoka na mti mwingi nyuma yake, au linachanika katikati, na jicho lililochanika halishiki. Opinel inaingia chini ya jicho, unavuta mara moja tu kuelekea kwako, kipande kinakuja kizima. Ukikigeuza, nyuma ni laini, kunang'aa kwa maji ya mti, hakuna uzi hata mmoja ulioning'inia. Kwa kazi hii sijapata kisu cha mfukoni kinachoishinda, na ninasema hivyo nikijua kwamba vipo visu maalumu vya kubebeshea vilivyonolewa upande mmoja tu.

Yangu ni ya chuma cha kaboni, kaboni yenyewe karibu asilimia 0.9. Chuma hicho kinashika makali vizuri na kinanoleka upesi, lakini kina masharti yake. Menya chungwa, kiache bila kukifuta, na ukirudi bapa limeota madoa ya kijivu. Baada ya wiki kadhaa za machungwa na malimau linageuka lote rangi ya mawingu ya mvua. Hiyo si kutu ya kula chuma, na ikishakomaa husaidia kuzuia ile kutu nyekundu. Mimi nalifuta kwa kitambaa kikavu na kulipaka mafuta ya nazi kidogo, kwa sababu kisu hichohicho kinamenya matunda. Asiyetaka shughuli hiyo ipo Opinel ya chuma kisichoshika kutu, na kama unaishi ufukweni kwenye chumvi ningekushauri hiyo bila kusita. Jambo la pili ni mpini. Mti ukilowa unafura, na bapa linakuwa gumu kuchomoka. Watu wa Savoie wana dawa yake: wanagonga kitako cha mpini juu ya meza, bapa linachungulia, wanalivuta. Masika nagonga hivyo karibu kila siku, na kisu kikikauka kinarudi kawaida.

Victorinox ni habari nyingine. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na kisu cha maofisa kilichoipa kampuni hiyo sifa duniani ni cha mwaka 1897. Farmer si kile chekundu mnachokijua. Mpini wake ni wa aluminiamu yenye vinundunundu, hauchafuki, haufuri, hauvunjiki ukidondoka kwenye mawe. Ndani yake mna bapa, msumeno, msharasi wa kutobolea, kifungua kopo na kifungua chupa ambacho ncha yake ni bisibisi. Msumeno ndio ulionishangaza. Tawi la mchungwa la unene wa kidole gumba unalikata kwa muda mfupi na jeraha la mti linabaki safi. Msharasi nao nautumia kutoboa mifuko ya miche ili maji yasituame.

Bapa lake halishiki kutu hata ukilala nalo kwenye limau. Kwa makali linakaa nyuma ya Opinel, kwanza kwa kuwa ni nene zaidi, pili chuma chake ni laini kidogo, hivyo katani inalichosha mapema. Na halina loki. Linashikiliwa na springi tu, kwa hiyo huwezi kuchomeka ncha na kusukuma kwa nguvu. Ukilijua hilo ukalitumia kwa kuvuta, halina matata. Ningeambiwa nibaki na kisu kimoja cha kutengenezea kila kitu nyumbani, ningebaki na hiki. Kwenye kitalu, hapana.

Okapi niliyonayo aliniletea shemeji kutoka Durban. Jina limetoka kwa mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1901, na mwaka uliofuata Wajerumani wakaanza kutengeneza kisu hiki kwa ajili ya kukiuza katika makoloni yao ya Afrika, zama ambazo huku kwetu bendera ilikuwa yao. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini ni wa mti uliopambwa kwa mwezi na nyota za madini. Ukikifungua kinalia tra-tra-tra, kila mlio ni jino linaloshika, na kukikunja unavuta pete iliyo mgongoni. Napenda sana loki hiyo kwa sababu hata bapa likirudi nyuma, linakamatwa na jino linalofuata kabla halijafika kwenye kidole.

Chuma cha Okapi kina kaboni kidogo kuliko cha Opinel, kwa hiyo makali yanaisha mapema, lakini yanarudi upesi vilevile. Kwa kamba, magunia na kuchonga vigingi vya miti ni kizuri sana. Bapa ni refu na ncha yake ni kali, na huko Afrika Kusini kina sifa ya silaha ya mtaani, kwa hiyo chetu kinakaa shambani. Sokoni au kwenye basi sikibebi, nisije nikamtia mtu hofu bure.

Mzee mmoja ninayefanya naye kazi kitaluni, nilipomwonyesha hivi visu, hakuuliza bei wala nchi. Alisema, "Mwanangu, hivi vinanolewa kwa jiwe letu?" Ndilo swali hasa. Opinel na Okapi vinanolewa kwa kinoo chochote cha dukani chenye pande mbili. Anza na upande wa kukwaruza, laza bapa karibu ligusane na jiwe, sukuma hadi ukipitisha kidole gumba kwa kukingama upande wa pili uhisi kijiukingo cha chuma kimejikunja urefu wote. Geuza, rudia, kisha upande laini, mwisho uburute kwenye mkanda wa ngozi. Victorinox inahitaji mikwaruzo mingi kidogo zaidi. Nawasihi jambo moja: msimpe fundi wa jiwe la umeme asiyetumia maji. Makali yakigeuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umeondoka sehemu hiyo, na hakuna kunoa kutakakourudisha.

Kwa wabebeshaji wenzangu, bapa lifutwe kwa spiriti kila unapohama mti mmoja kwenda mwingine, kwa kuwa kisu hubeba magonjwa. Kwa Opinel, spiriti ikikauka rudisha mafuta mwisho wa kazi, lakini jihadhari mafuta yasifike kwenye jicho.

Mdogo wangu aliyeko Uingereza ameniomba nimchagulie kimoja. Huko sheria inamruhusu mtu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Opinel namba 8 na Okapi hapo zimetoka zote. Nimemwambia achukue Farmer, na siku ya kuja likizo akiweke kwenye begi la chini ya ndege, si la mkononi.