Krimu ya fangasi: ipi ununue kwanza, ipi usiiguse

Geuza mrija usome jina la dawa na asilimia yake. Jina kubwa la mbele ni la biashara tu, na mirija miwili isiyofanana hata rangi huweza kuwa na dawa ileile.

Kwa choa cha mwilini, fangasi wa kinenani na wa katikati ya vidole vya miguu, tunaweka mbele terbinafini asilimia 1. Inaua fangasi, haiwazuii kukua tu, hivyo hupakwa mara moja kwa siku kwa wiki moja hadi mbili.

Ya pili ni klotrimazoli asilimia 1, au mikonazoli asilimia 2: mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne. Usivutwe na bei ya mrija mmoja. Piga hesabu ya dozi nzima. Krimu iliyokamuliwa toka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili. Eneo hilo kwa wiki nne za klotrimazoli linakula gramu 28, yaani mirija miwili ya gramu 15. Terbinafini ya wiki mbili ni gramu 7. Ila kwenye mikunjo mibichi, myekundu, yenye vipele vidogo pembeni, chukua klotrimazoli, kwani hapo mara nyingi ni kandida, fangasi wa aina nyingine.

Marhamu ya Whitfield (asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki) ni ya tatu. Inafaa nyayo ngumu zinazobanduka, lakini kinenani inachoma.

Usinunue mchanganyiko wenye betamethasoni au klobetasoli, yaani steroidi kali za kutuliza ngozi. Muwasho unatulia haraka huku fangasi wakisambaa, choa kinapoteza ukingo wake hadi daktari anashindwa kukitambua, na ngozi inakonda na kupata michirizi.

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu yoyote, kwa sababu fangasi wamo ndani ya unywele wenyewe. Mtoto anahitaji vidonge vya griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito. Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 inapunguza kuambukiza wengine, basi.

Kausha ngozi kabisa kabla ya kupaka, na upitishe dawa sentimita 2 nje ya ukingo. Wengi huacha muwasho unapokwisha, ilhali fangasi bado wapo; maliza siku zote. Wiki mbili zikipita bila nafuu yoyote, usinunue mrija mwingine: omba ngozi ikwanguliwe ipimwe kwa darubini.