Bomba la PVC kwa panya wa maabara: duka moja la Kadutu

Wenzangu mnaotunza panya wa utafiti, nunueni bomba la PVC la milimita 50, likatwe vipande vya sentimita 15. Duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu na soko la Kadutu ndilo linalolikata vizuri zaidi kati ya yote niliyopitia hapa Bukavu.

Kazi yake ni kumbebea panya. Wengi wetu tulifundishwa kumshika mkia. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia huingiwa na hofu na kumkwepa mtu, lakini anayebebwa ndani ya mrija au kwenye viganja vilivyokunjwa hutulia na kumsogelea. Kwetu imekuwa hivyohivyo. Weka bomba kizimbani, panya anaingia mwenyewe, ziba pande mbili kwa viganja, mpeleke kwenye mizani. Hang'ati, wala hakukojolei glavu. Na panya wa utafiti wa saratani, mwenye uvimbe ubavuni, ana maumivu yake tayari. Kumning'iniza ni kumwonea.

Papa muuzaji aliniuliza, "Mama, vipande vifupi hivi vitapitisha maji gani?" Nilipomweleza, akatwaa msasa akalainisha kingo zote, wala sikumwomba. Hapo ndipo aliponipata, kwa sababu ukingo wenye makali huchuna ngozi iliyovutwa na uvimbe. Ana pia bomba la milimita 40, bei yake nafuu. Msilichukue: uvimbe ukikua, panya anabanwa humo.

Kasoro zipo. Halipitishi mwanga, kwa hiyo kukagua uvimbe ni mpaka panya atoke. Mirija ya plastiki angavu inayouzwa Ulaya inalishinda hapo. Lisitiwe kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121 zake zitalipinda. Sisi tunaliosha kwa sabuni, tunalilowesha kwenye javeli (dawa ya klorini), kisha tunalisuuza mpaka harufu iishe. Kila kizimba kina bomba lake na halitolewi, maana panya hupenda kujificha na kulala humo.

Maranda ya seremala wa jirani ya kutandika kizimbani, ambayo Papa huyo huwaelekeza wateja, siyapendekezi kabisa. Yana vumbi, na hujui mbao ilipakwa dawa gani. Lakini kitu cha kutengenezea kiota ni lazima, hasa kwetu huku juu ambako usiku ni baridi. Panya hupendelea joto la karibu nyuzi 30. Mwaka 2013 kikundi cha Elizabeth Repasky, huko Buffalo, Marekani, kilionyesha kwamba uvimbe hukua polepole zaidi kwa panya waliokaa kwenye joto hilo kuliko kwa waliokaa kwenye nyuzi 22 za kawaida ya maabara, kwa kuwa kinga yao ya mwili ilipambana vizuri zaidi. Panya anayetetemeka, basi, anaharibu hata matokeo yenu. Wapeni karatasi laini isiyo na wino, nyingi, waichane wenyewe.